Nyumba Ilichomwa

Mtafiti anayefika leo Pipeline, nje kidogo ya mji wa Nakuru, au Maai Mahiu chini ya bonde, kuuliza habari za ghasia za baada ya uchaguzi za mwaka wa 2008, hatakosa majibu. Atakosa mazungumzo. Watu waliofurushwa wakaishia huko wamekwisha kuulizwa na Msalaba Mwekundu, na maafisa wenye orodha, na wanahabari, na wanafunzi wa uzamili wanaofuatana kila mwaka. Tena kujibu kulikuwa na faida yake. Operesheni Rudi Nyumbani, ya kuwarejesha makwao waliofurushwa, ilipoanza Mei 2008, serikali iliahidi shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Asiyekuwa kwenye orodha hakuwa na lake. Basi masimulizi yakajifunza kujibu fomu: kijiji, tarehe, idadi ya vyumba, idadi ya ng'ombe. Yamesemwa mara nyingi hadi yakalainika kama jiwe la mtoni, na msimulizi mwenyewe hayumo tena ndani yake.

Ninaowasifu hapa ni wale watafiti wachache wanaojua kumrudisha msimulizi huyo.

Hodari wa kazi hii haanzi na Januari 2008. Akiwa na mkulima aliyetoka Molo au Kuresoi, huanza na pareto: ilikaushwa wapi, nani aliipeleka kituoni, malipo yalikwama tangu lini. Mtu aliyevuna pareto bila kulipwa ana hasira ya kutosha nusu saa nzima, na mtafiti mwenye haraka huiona nusu saa hiyo kuwa hasara. Kumbe ndani ya hasira hiyo ndimo anamotokea jirani aliyeazima magunia, yule aliyemsaidia kubeba mzigo, ambaye msimu uliofuata hawakusalimiana tena. Hakuna swali kwenye karatasi ambalo lingemleta jirani huyo. Ameletwa na magunia.

Kisha huja kazi ya kuandika, ambayo ndiyo ngumu zaidi. Sikiliza jinsi watu wanavyosema: nyumba ilichomwa, ng'ombe walichukuliwa, tuliambiwa tuondoke. Vitendo vyote vipo, watendaji hawapo. Mwandishi mchanga hudhani hiyo ni kasoro, akaijaza kwa niaba ya mama wa watu: majirani waliichoma nyumba. Ameandika sentensi ambayo mama huyo hakuisema. Huenda hakumwona aliyechoma, alikuta majivu tu. Huenda alimwona vizuri sana, na watoto wao sasa wanasoma darasa moja. Huenda anaogopa, uchaguzi haukosi kurudi. Hizo ni habari tatu tofauti, na fundi hujitahidi kujua ipi ni ipi kabla ya kugusa kalamu. Hugundua pia kwamba mama huyohuyo, akifika kwenye mapigano ya kikabila ya 1992, anaweza kutaja jina la mtu bila kusita, kwa kuwa mwenye jina alikwisha kufa. Mwandishi mzuri huviweka vyote viwili kwenye ukurasa jinsi vilivyosemwa, na kumwachia msomaji asikie tofauti.

Ndiyo maana nawaheshimu sana watafiti wasaidizi, ambao majina yao huishia kwenye mstari mmoja wa shukrani. Wao ndio wanaokaa na kinasa sauti masikioni, wakirudisha nyuma na mbele, saa moja ya sauti ikila siku nzima ya kazi. Mzungumzaji ameanza kwa Kiswahili kwa sababu ana mgeni. Amefika kwa mtoto wake, akahamia Kikuyu au Kipsigis. Amefika kwenye pesa, akarudi Kiswahili. Msaidizi makini huandika mahali lugha ilipogeuka. Huandika pia kicheko, hasa kile kinachokuja mahali ambapo hapakustahili kicheko. Ukipewa nakala iliyonyooshwa yote kuwa lugha moja safi, umepewa habari bila mwenyewe.

Nakuru ina mfano wa zamani wa kazi hii uliofanywa vizuri. Mwanahistoria Tabitha Kanogo alikaa na watu waliokuwa maskwota kwenye mashamba ya walowezi wilayani humo, akaweka maneno yao kando ya karatasi za wakoloni. Kitabu chake cha maskwota na chimbuko la Mau Mau kilitoka 1987. Karatasi za serikali zinajali siku za kazi: 180 kwa mwaka chini ya sheria ya 1918, zikapanda hadi 240 na 270 kufikia miaka ya 1940. Maskwota wanajali mifugo. Hawakuwa wamefuata ajira, walikuwa wamefuata malisho, na ile kampeni ya miaka ya 1920 ya kuwapunguzia mifugo waliiita kifagio. Kanogo aliliacha neno hilo libaki kitabuni, na kwa hilo msomaji anamjua mwenye ng'ombe kuliko ambavyo jedwali lolote lingemjulisha.

Kuna jambo jingine kitabu cha aina hiyo kinadai: kusoma kalenda za watu. Mzee wa Kipsigis atakwambia jambo lilitokea walipotahiriwa rika la Sawe au la Korongoro. Wa Kikuyu atataja rika lake, lililopewa jina la tukio la mwaka ule. Mtafiti anayemkatiza ili apate tarehe atapewa tarehe yoyote, kwa adabu tu. Na akitoa fomu ya ridhaa ili itiwe kidole, asishangae mzee akiitazama kwa muda mrefu. Kizazi cha baba yake kilichukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kipande, kitambulisho cha wakoloni.

Kuficha jina ni ufundi peke yake. Kumwita mtu Mama A hakumsitiri kama umeandika pia kwamba ni mwalimu mstaafu wa Njoro mwenye mbuzi wa maziwa na mume kutoka Baringo. Kijiji kizima kimeshamjua. Ukiondoa mbuzi, mume na ualimu, umebaki na kivuli. Wanaojua kazi hupima: mbuzi abaki, mume aende.

Ninalolilalamikia ni hili. Tasnifu nyingi za namna hii, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Egerton kilichopo palepale Njoro, huandikwa kwa Kiingereza, na sauti ya mzungumzaji huachwa kwenye faili ya kompyuta ya mtu. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipochapisha hadithi za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa mwaka wa 1989, hawakuishia kwenye Kiingereza. Kiswahili cha wanawake hao kilitoka kama kitabu mwaka wa 1991. Mtu wa Mombasa anaweza kukifungua akamsikia bibi yake. Mkulima wa pareto wa Kuresoi naye amesema mengi, na yamenaswa. Vyuo vyetu vingedai nakala ya maneno hayo, katika lugha yalimosemwa, ifungwe pamoja na tasnifu.