Okwi na Orodha ya Gabon: Kigezo cha Dakika Kuelekea AFCON ya 2027

Kikosi cha wachezaji 23 ambacho Uganda ilikipeleka Gabon kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2017 hakikuwa na Emmanuel Okwi. Kocha Milutin Sredojevic, Micho kwa wengi, alimwacha mshambuliaji huyo kwa sababu hakuwa akipata dakika za kutosha katika klabu yake, SønderjyskE ya Denmark. Uganda ikacheza mechi tatu, ikafunga bao moja, ikashika mkia katika Kundi D. Uamuzi ule ulikuwa mbaya tangu siku ulipotangazwa, na yaliyofuata yamezidi kuuanika. Sasa Uganda, Kenya na Tanzania zinajiandaa kuwa wenyeji wa AFCON ya 2027, na kigezo kilichomwondoa Okwi bado kinatajwa kila kikosi kinapojadiliwa, kana kwamba kilifaulu mtihani wake wa kwanza.

Kazi ya kufuzu ilikuwa safi. Bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro, Uwanja wa Namboole, tarehe 4 Septemba 2016, lilivunja ukame wa miaka 38 bila AFCON, na safu ya ulinzi aliyoijenga Micho mbele ya Denis Onyango haikuwa na deni kwa mtu.

Hoja ya dakika ni hii: mchezaji asiyecheza klabuni hupoteza kasi, hupoteza pumzi na hupoteza lile jicho la kuona nafasi kabla haijafunguka. Kwa beki wa pembeni anayepanda na kushuka dakika 90, au kiungo mkabaji anayefunika nusu ya uwanja, hoja hiyo ina uzito. Kwa mshambuliaji anayeweza kuingizwa dakika ya 70 matokeo yakiwa 0-0, uzito wake hupungua sana. Anachotakiwa kufanya huyo ni kuzigusa pasi mbili tatu ndani ya boksi na kuipiga moja bila woga. Okwi alikuwa na umri wa miaka 24, tayari amepita Simba, Étoile du Sahel na Yanga, na amecheza mbele ya umati wa Dar es Salaam unaoweza kumtetemesha mtu mzima. Woga haukuwa sehemu ya mchezo wake.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba kigezo chenyewe hakikutumika kwa wote. Miya alikuwa Standard Liège ya Ubelgiji, na huko nafasi ya kucheza ilikuwa adimu. Baada ya mashindano alipelekwa Mouscron kwa mkopo ili apate mechi. Yunus Sentamu alitoka ligi ya Ufini, na Tonny Mawejje alitoka ligi ya Iceland. Ligi zote mbili zilifunga msimu ule mwezi Oktoba, kwa hiyo wachezaji hao walifika Januari wakiwa na miezi kadhaa bila mechi ya ushindani ya klabu. Wote watatu waliitwa, na ilikuwa sawa kuwaita. Aliyefunga bao pekee la Uganda katika mashindano yale ni Miya, mtu ambaye kigezo cha dakika kingemwacha Kampala kama kingefuatwa kwa haki. Kocha alimwamini Miya kwa macho yake mwenyewe, bila kuhesabu dakika, na macho hayo hayakumdanganya. Hakuna sababu ya kiufundi iliyotolewa ya kumpima Okwi kwa mizani nyingine.

Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla wa Kampala ulio jirani na Uwanja wa Nakivubo, hoja hii haihitaji maelezo marefu. Pale Kiluganda na Kiswahili hupishana siku nzima kati ya mwenye duka, mchukuzi mwenye katoni kichwani na mteja aliyetoka Congo au Sudan Kusini, na mpira huzungumzwa huku pesa zikihesabiwa. Mwenye duka la jumla hautupi mzigo mzuri kwa sababu umekaa stoo miezi miwili. Huupangusa vumbi na kuuweka mbele siku soko linapoutaka. Orodha ya Gabon iliufungia stoo mzigo uliokuwa na soko.

Dalili zilionekana mapema. Katika mechi za kirafiki za Januari 2017, Uganda iliifunga Slovakia 3-1 huko Abu Dhabi, na ushindi huo ukawalevya wengi. Siku chache baadaye Ivory Coast ikashinda 3-0. Mechi ya pili ndiyo iliyopaswa kusomwa kwa makini, kwa sababu ilikuwa dhidi ya mabingwa watetezi wa Afrika, na mbele ya timu ya kiwango hicho Uganda haikupata bao. Ugonjwa sugu wa soka la Uganda ni huo: mechi ya kirafiki waliyoishinda vizuri hufuta kumbukumbu ya ile waliyofungwa vibaya.

Tarehe 17 Januari, Port-Gentil, Isaac Isinde alimchezea faulo Asamoah Gyan ndani ya boksi, na André Ayew akafunga penalti dakika ya 32. Baada ya hapo Ghana ilirudi nyuma na kulinda bao lake. Uganda ilikuwa na kipindi kizima cha pili cha kusawazisha na haikusawazisha. Mzigo wa mbele ulimwangukia nahodha Geoffrey Massa, mtu wa nguvu na heshima, aliyeitumikia Cranes, timu ya taifa ya Uganda, kwa miaka mingi na kustaafu muda mfupi baada ya mashindano yale. Kazi ya Massa ilikuwa kupokea mpira akiwa ameupa mgongo lango na kuwasubiri wenzake. Kilichokosekana ni mtu wa kukimbia nyuma ya mabeki mara mpira unapotua kwa Massa. Kazi hiyo Okwi aliifanya tangu ujana wake, akitokea upande wa kushoto na kuingia ndani.

Mechi ya Misri, tarehe 21, ndiyo iliyoamua kila kitu. Hadi dakika ya 88 matokeo yalikuwa 0-0 na Uganda ilikuwa bado hai. Misri ya Héctor Cúper ilicheza kama ilivyozoea: ikisubiri, ikibana katikati, ikimtazama Mohamed Salah. Timu ya namna hiyo huogopa kitu kimoja, mshambuliaji anayeweza kumpita mtu mmoja peke yake bila kusubiri msaada. Miongoni mwa washambuliaji ambao Micho alikuwa nao kikosini ni Geoffrey Sserunkuma, mfungaji wa kuaminika wa KCCA, na Muhammad Shaban, kijana aliyejipatia jina katika klabu ya Onduparaka. Ni wachezaji wazuri wa ligi ya nyumbani, ila hakuna kati yao aliyekuwa amebeba mechi ya uzito ule. Dakika ya 89 Salah akampasia Abdallah El Said, na shuti lake likapita katikati ya miguu ya Onyango. Kipa aliyekuwa ametoka kutangazwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza barani Afrika aliondoka na lawama ambayo haikuwa yake. Timu isiyoweza kufunga humlazimisha kipa wake asikosee hata mara moja kwa dakika 90, na hakuna kipa wa kuishi hivyo mashindano mazima.

Mechi ya Mali huko Oyem ilichezwa baada ya njia kufungwa. Miya alifunga dakika ya 70, na Yves Bissouma akasawazisha kwa mpira wa adhabu dakika tatu baadaye.

Jibu la swali la Okwi halikuchelewa. Tarehe 31 Agosti 2017, miezi saba tu baada ya Port-Gentil, Misri ileile ya Cúper ilikuja Namboole katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Micho alikuwa ameshaondoka kwa mgogoro wa mishahara, na Moses Basena alikuwa akikaimu. Uganda ilishinda 1-0, na mfungaji alikuwa Emmanuel Okwi. Ubishi wote kuhusu kikosi cha Gabon ungeweza kuishia hapo. Wanaomtetea Micho husema Okwi wa Agosti alikuwa amerudi nyumbani, akacheza SC Villa, akapata pumzi, ndipo akajiunga tena na Simba. Ni kweli alipata mechi. Lakini jicho la kufunga dhidi ya Misri halipatikani kwa nusu msimu wa ligi ya Uganda; alikuwa nalo Januari vilevile. Msimu uliofuata akamaliza mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mabao 20, Simba ikiwa bingwa.

Kisha ikaja AFCON ya 2019 huko Misri, chini ya kocha Sébastien Desabre. Dakika ya 48 dhidi ya DR Congo, Okwi aliunganisha kwa kichwa mpira wa adhabu wa Miya na kufanya matokeo 2-0, baada ya Patrick Kaddu kufungua ukurasa. Bao lake dhidi ya Zimbabwe linafaa kutazamwa polepole. Lumala Abdu alichomoka na mpira, kipa akaupangua, na Okwi alikuwa ameshafika. Mabeki wa Zimbabwe walikuwa bado wakimtazama Lumala wakati yeye ameshaanza kukimbilia mahali mpira utakapoangukia. Bao la aina hiyo halihesabiwi kwa dakika za klabu. Uganda ikavuka makundi kwa pointi nne na kutolewa na Senegal kwa bao la Sadio Mané, huku Onyango akiiokoa penalti ya Mané huyohuyo.

Historia ya mpira imejaa makocha waliolijua jambo hili. Enzo Bearzot alimpeleka Paolo Rossi kwenye Kombe la Dunia la 1982 baada ya kifungo cha miaka miwili, akiwa amecheza mechi tatu tu za ligi msimu ule. Rossi akafunga mabao sita na Italia ikatwaa kombe. Kamerun ilimwita Roger Milla mwaka 1990, miaka 38, akiwa anachezea kisiwani Réunion. Mabao manne, robo fainali. Hakuna aliyewauliza dakika.

Uganda yenyewe ilikuwa na mfano wake nyumbani. Timu ya kocha Peter Okee iliyofika fainali ya AFCON ya 1978 huko Accra ilifungwa 3-1 na Tunisia katika makundi, ikainyuka Morocco 3-0, ikaitoa Nigeria 2-1 kwenye nusu fainali, na ikalala 2-0 mbele ya wenyeji Ghana. Phillip Omondi alimaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora kwa mabao matatu. Omondi alikuwa mtu wa KCC, na Nakivubo ndiyo iliyomlea, uwanja ambao mashabiki waliufikia kwa miguu kutoka madukani. Okee aliijenga timu kwa kuanzia na mtu wa kufunga, ndipo akawatafuta wa kumzunguka. Baadaye Majid Musisi alibeba kazi hiyohiyo, kutoka SC Villa hadi Rennes na Bursaspor, na bahati mbaya ya kizazi chake ni kwamba hakupata fainali za kuionyesha. Ukimlinganisha Omondi na washambuliaji waliofuata, pengo si la kipaji peke yake. Makocha wa zamani walimwacha mfungaji awe mfungaji, na wa sasa humpima kwa kukaba.

AFCON ya 2025 huko Morocco ilirudisha sura ileile. Uganda ilifungwa 3-1 na Tunisia, kama 1978, na 3-1 na Nigeria katika mechi ambayo ilitumia makipa watatu. Kati ya hizo kulikuwa na 1-1 dhidi ya Tanzania: Simon Msuva alifunga kwa penalti, Uche Ikpeazu akasawazisha dakika ya 80, na katika muda wa nyongeza Allan Okello akakosa penalti ya ushindi. Tanzania ikavuka kwa pointi mbili. Uganda ikabaki na moja. Miezi michache kabla yake, kwenye robo fainali ya CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, Cranes ilitolewa na Senegal 1-0 Namboole bila kupata bao mbele ya watu wake.

Kwa 2027, wenyeji hao watatu hawalingani. Tanzania ndiyo iliyo tayari zaidi. Imeshacheza 16 bora, na imebaki na Msuva kwa subira ambayo Uganda haikuwa nayo kwa Okwi: amefunga katika AFCON ya 2019, ya 2023 na ya 2025, klabu zake zikibadilika kila mara. Kenya haijaonekana AFCON tangu 2019, Michael Olunga alipoifunga Tanzania mabao mawili katika ushindi wa 3-2, ila CHAN ya 2025 imeipa Ryan Ogam, aliyezifunga Morocco na Zambia, na imeonyesha inaweza kulinda bao moja hadi mwisho. Uganda ina viungo na ina mabeki. Mbele ina Ikpeazu, Steven Mukwala na Rogers Mato, na bado haina mtu anayeaminika kufunga mechi ikiwa 0-0 dakika ya 80.

Kisingizio cha nafasi chache nacho hakipo tena, kwa kuwa vikosi vya AFCON ya 2025 viliruhusiwa kufika wachezaji 28, watano zaidi ya vile vya 2017. Kati ya nafasi hizo tano, mbili zinatosha kuwekewa washambuliaji waliokwisha kufunga mechi kubwa wakiwa na jezi ya Cranes, wawe wanaanza klabuni au wanakaa benchi. Tathmini yao inapaswa kufanyika kambini, kwa mazoezi ya kumalizia na kwa dakika 20 za mwisho katika mechi za kirafiki dhidi ya timu za kiwango cha Ivory Coast ile ya 2017, na orodha itangazwe baada ya hapo.