Soma Kwanza, Futa Baadaye

Mezani pana kisanduku kidogo kilichotengenezwa kusimamia pampu ya maji. Jana, kilipowashwa kwa mara ya kwanza, kilifanya kazi bila tatizo. Leo hakiamki. Waya wa konsoli umechomekwa, na Linux inarudia ujumbe uleule kwenye skrini: kosa la ECC, ukurasa hausomeki, mfumo wa mafaili UBIFS umeshindwa kupachikwa.

Kijana anayejifunza kazi anaisogelea kibodi. "Fundi, si tufute tu tuandike upya?"

"Subiri, mdogo wangu. Ukifuta, umemzika shahidi."

Nimemtazama fundi huyu mara nyingi, na kila mara kinachonivutia ni kilekile: husoma sana kabla hajagusa. Kufuta huchukua muda mfupi, na mara nyingi kifaa huamka. Kisha hufa tena kikiwa kimeshafungwa kisimani, mbali na karakana, na hakuna anayejua chanzo. Isitoshe, UBI, tabaka lililo chini ya UBIFS, huandika mwanzoni mwa kila bloku idadi ya mara ilizofutwa. Bloku ya flashi ya NAND ya aina ya SLC kwa kawaida huvumilia kufutwa mara 100,000 hivi, na hesabu hiyo ndiyo inayosaidia kugawa uchakavu kwa haki. Anayefuta ovyo hufuta hata umri wa chipu.

Chipu iliyo mbele yetu ina kurasa za baiti 2,048, na kila ukurasa una baiti 64 za pembeni. Kurasa 64 hufanya bloku moja. Bloku ikifutwa, biti zote huwa 1. Kuandika ni kushusha baadhi ya hizo 1 ziwe 0, na 0 hairudi kuwa 1 mpaka bloku nzima ifutwe. Pembeni ndipo inapokaa ECC, hesabu ya kugundua na kusahihisha biti zilizopotoka.

Fundi anaendesha nanddump, programu ya kusoma flashi, akiiagiza isisahihishe chochote na imwonyeshe baiti za pembeni pia. Skrini inajaa ff, ff, ff, yaani biti zote ni 1. Ukurasa mtupu, nawaza, hauna la kutuambia. Yeye anasimama hapohapo. Kidole chake kinashuka hadi mwisho wa ukurasa: data yote ni ff, lakini pembeni kuna tarakimu nyingine. Ukurasa unaoonekana mtupu umeshaandikwa.

Bado hatamki hukumu. Anachukua kifaa kipya cha aina hiyohiyo, anakiwasha kwa Linux iliyopakiwa kwenye RAM kupitia mtandao ili flashi isiguswe, kisha anakisoma vilevile. Alama zilezile zipo. Basi hata kama umeme ulikatika, hauna hatia, wala pampu. Kasoro ilizaliwa siku flashi ilipojazwa: mashine ya kuijaza iliandika hata kurasa za ff, na kidhibiti cha flashi kikaweka pembeni ECC ya utupu huo. Baadaye UBIFS ikaona nafasi wazi, ikaandika data ya kweli. ECC mpya ikaangukia juu ya ile ya zamani, 0 za zote mbili zikabaki, hesabu ikaharibika. Ndiyo maana jana kiliwaka vizuri: yaliyosomwa wakati wa kuwaka yalikuwa yameandikwa mara moja tu.

Tiba ni fupi kuliko uchunguzi. Anatengeneza upya taswira ya mfumo wa mafaili kwa mkfs.ubifs na chaguo la -F, ili UBIFS inapopachikwa kwa mara ya kwanza isafishe yenyewe nafasi zilizo wazi. Sasa ndipo anafuta, tena kwa ubiformat, ambayo huhifadhi hesabu za ufutaji na kuziruka kurasa tupu zilizo mwishoni mwa bloku.

Kifaa kinaamka. Kijana anatabasamu, lakini fundi hajaondoka kitini. Hata jana kiliamka. Anakiacha kiandike kumbukumbu zake kwa muda, anakizima, anakiwasha tena, na kuusoma kila mstari unaopita. Mstari wa ECC hautokei. Kuwaka huku kwa pili ndiko alikokuwa akikusubiri tangu asubuhi, na sasa anauchomoa waya wa konsoli.