Heko, mafundi wa Shōgun

Nawavulia kofia mafundi wa Shōgun, tamthilia ya mwaka 2024 inayotupeleka Japani ya mwaka 1600, mabwana wakubwa wakiviziana huku vita vikinukia. Ilipigwa picha Kanada, lakini Hiroyuki Sanada, anayeigiza Bwana Toranaga na pia mmoja wa watayarishaji, alisisitiza wawepo wataalamu wa Kijapani: wa mawigi, wa mavazi, wa namna ya kuketi na kuinama. Kinachonigusa zaidi ni lugha. Maneno ya Kiingereza yalitafsiriwa, kisha yakafinyangwa upya yapate ladha ya Kijapani cha kale. Kazi ya subira hiyo! Watazamaji wa nchi nyingi wakakubali kusoma tafsiri chini ya skrini, na tuzo 18 za Emmy zikafuata. Zilistahili, kila moja.