Chumvi isiyokolea tena (Matayo 5, 13)

Katika mahubiri juu ya Matayo 5, 13 tunasikia mara nyingi kwamba chumvi "imeharibika". Neno hilo limo katika Biblia ya Union ya mwaka 1952. Lakini nani kati ya mama zetu amekwisha kuona chumvi iliyooza? Ndagala wabichi huharibika, sombe huchacha. Chumvi ndiyo inayomzuia samaki asioze. Basi msikilizaji anarudi nyumbani bila kuelewa.

Biblia Habari Njema inasema "kupoteza ladha". Hilo ni afadhali, lakini halitoshi, maana hata sukari ina ladha. Kiswahili kina neno lifaalo zaidi: kukolea. Mboga imekolea wakati chumvi imeingia ndani yake kwa kipimo, si haba wala si mno. Tena anayekula hasifu chumvi, anasifu mboga. Kwa hiyo napenda tuseme: chumvi isiyokolea tena.

Jambo lenyewe si geni katika nchi yetu. Zamani, pale Mwashia karibu na mto Lufira katika Katanga, watu walikusanya udongo wenye chumvi, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki. Udongo uliochujwa, kwa macho ni udongo uleule; kumbe nguvu yake imekwisha kutoka. Wafafanuzi wengi wanaeleza vivyo hivyo juu ya chumvi ya Palestina, iliyochanganyika na vitu vingine.

Kigriki cha Matayo na Luka kinaongeza maana: neno lililotumika pale, môrainô, ni la upumbavu. Nacho Kilatini, kwa neno moja sapere, kinasema kuonja na kuwa na hekima. Ndiyo sababu, katika ibada ya Ubatizo iliyotumika kabla ya ile ya mwaka 1969, padri alitia chumvi kidogo kinywani mwa mbatizwa, akiiita chumvi ya hekima. Chumvi isiyokolea ni mfuasi aliyepumbaa: jina la mkristu analo bado, hekima ya Kristu imemtoka.

Hapo sisi wahubiri tujihadhari. Kwa Kiswahili, "kutia chumvi" katika maneno ni kuongeza yasiyokuwako. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakolosai (4, 6) jambo jingine kabisa: maneno yao yakolee munyu, wajue namna ya kumjibu kila mtu. Mwalimu anayebuni miujiza ili watu washangae ametia chumvi. Anayemjibu mjane, mlevi na mwenye mashaka kwa upole na kwa ukweli, maneno yake yamekolea.

Ndugu mafratri, nanyi wakatekista, mtakapoeleza somo hili, tumieni neno la jikoni ambalo mama zetu wanalijua. Watalielewa upesi, na huenda watatuuliza kama sisi wenyewe tungali tunakolea.