SHERIA YA ARDHI: MGENI AMEZUIWA, JE, MLANGUZI?

Ardhi ni msingi wa maendeleo, na anayeitawala huwatawala wanaoilima. Mkoloni wa Kijerumani alilijua hilo alipoitangaza mwaka 1895 kuwa mali ya Dola yake. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake "Mali ya Taifa" la 1958, alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa, na mwaka 1963 umilikaji wa kudumu ulifutwa.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, ilipotungwa ilimnyima asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi ni wageni nayo huhesabiwa mgeni. Kizuizi hicho tunakiunga mkono. Hata hivyo, kina kasoro mbili.

Kwanza, kinauliza uraia, hakiulizi tabaka. Kifungu cha 3 cha Sheria hiyo hiyo kinakubali kwamba maslahi katika ardhi yana thamani katika mauziano. Matokeo yake tunayaona Bunju, Chamazi na Mbagala: mashamba ya mihogo na minazi yamekatwa viwanja, na mara nyingi mnunuzi ni raia mwenye fedha.

Pili, raia huyo anaweza kumwazima mgeni jina lake. Katika hati shamba ni la Mtanzania, lakini faida ni ya mwingine.

Kwa hiyo, Ndugu, kumzuia mgeni peke yake hakumlindi mkulima. Kada anapaswa kuuliza pia: nani analima, na nani anavuna?