Neno "Muungwana" Litazamwapo Kutoka Kaskazini ya Pemba

Mgeni afikaye Konde, mji mdogo wa wilaya ya Micheweni ulio karibu na msitu wa Ngezi, akitaka kumwita mtu asiyemjua jina, akisema "Ewe muungwana" hakosi kuitikiwa. Hana haja ya kuuliza kwanza mtu huyo ni wa ukoo gani, wala kama babu yake alichuma karafuu zake mwenyewe au za bwana. Kabla ya mwaka wa 1897, jawabu la swali hilo ndilo lililokuwa maana yenyewe ya neno. Muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa na asiyezaliwa na mtumwa.

Watungaji wa kamusi wamelipita jambo hili upesi mno. Tangu kamusi ya Krapf iliyotoka London mwaka wa 1882, kupitia ya Madan ya mwaka wa 1903, hadi ile ya Johnson ya mwaka wa 1939, maelezo kwa jumla huenda njia moja: kwanza mtu huru, kisha mtu mwenye adabu njema. Maana mbili zimewekwa bega kwa bega, zimetengwa kwa nukta tu, kana kwamba ya pili ilichipuka katika ya kwanza kama jani katika tawi. Sababu moja ya wepesi huo yafaa itajwe. Watungaji hao walikuwa watu wa Ulaya, na waliolieleza neno kwa Kiingereza walikuwa na neno lao "gentle", ambalo nalo lilianza kwa maana ya mtu wa nasaba njema, likaja kuwa na maana ya upole. Historia ya kwao iliwafanya waione historia ya Waswahili kuwa jambo la kawaida lisilohitaji kuelezwa. Lakini Uingereza ilichukua karne nyingi kulivusha neno lake. Katika visiwa vya Unguja na Pemba mabadiliko makubwa yalitokea katika umri wa mtu mmoja, na hayakutokea kwa upole.

Tena elimu iliyopo juu ya uungwana imetoka zaidi Lamu. El-Zein katika kitabu chake cha mwaka wa 1974, na baada yake James de Vere Allen, waliwaeleza waungwana kuwa ndio wenye nyumba za mawe, watu wa mitaa na misikiti ya kale, waliojitenga na watumwa na wageni. Picha hiyo ni nzuri kwa Lamu, lakini haiingii vizuri Pemba. Huku kaskazini, si mbali na Konde, yapo magofu ya Chwaka yenye misikiti na makaburi ya mawe; na jirani yake Tumbe palikuwa na mji mkubwa zaidi, uliositawi baina ya karne ya 7 na ya 10, ambao wachimbuzi LaViolette na Fleisher wameonyesha kuwa nyumba zake zilikuwa za udongo, ijapokuwa vyombo vya kigeni vilikuwa tele. Hapana haja ya kuwaita watu wa Tumbe waungwana, kwani hatuna maneno yao. Yatosha kusema kwamba mawe si kipimo cha kila mahali.

Tofauti kubwa zaidi ni ya karne ya 19. Tufani ya mwaka wa 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba iliyonusurika kwa sehemu kubwa ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini watu waliendelea kuletwa Pemba kwa magendo, kwa sababu karafuu haichumwi ila kwa mikono mingi. Wakati huohuo Wapemba wenyeji hawakusukumwa wote pembeni kama walivyosukumwa wenyeji wengi wa Unguja. Wengi walikuwa na mikarafuu yao, wakakaa jirani na wenye mashamba Waarabu, wakaoana nao. Basi katika kisiwa hiki mstari uliomtenga muungwana na mtumwa haukuwa ukuta wa mtaa. Ulipita katikati ya shamba, na pengine katikati ya nyumba moja, baina ya mtoto wa mke na mtumishi aliyelelewa naye. Mstari usioonekana kwa ukuta hauna budi kuonekana kwa jambo jingine, na jambo hilo lilikuwa mavazi. Mtumwa mwanamume hakutazamiwa kuvaa kanzu na kofia na viatu kama bwana wake, wala mtumwa mwanamke kujifunika kichwa kama bibi yake.

Hapo ndipo yafaa isomwe upya methali ijulikanayo na kila mtu, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama". Siku hizi hufundishwa shuleni kama funzo la kustahimili na kutorudisha ubaya kwa ubaya. Msikilizaji wa mwaka wa 1880 alisikia zaidi ya hayo. Nguo ndiyo alama ya daraja. Akivuliwa muungwana, kwa macho ya wapitao hana tofauti na mtumwa. Methali yasema kwamba tofauti imebaki, nayo ni kuona haya. Kwa hiyo ni methali ya kujivuna, maana yadai kwamba uungwana uko ndani ya damu hata nguo zikiondoka. Lakini imebeba silaha iliyoweza kugeuzwa. Ikiwa alama ya uungwana ni kuchutama, basi yeyote ajuaye kuchutama aweza kudai jina hilo. Methali nyingine, "Uungwana ni vitendo", yaifanya kazi hiyo waziwazi. Haifai kuzisoma hizi mbili kama ndugu. Moja imesemwa na mtu aliye nalo jina, akiogopa kunyang'anywa. Ya pili yafaa sana kinywani mwa mtu aliyenyimwa. Na ya tatu, "Mkataa kwao mtumwa", yarudi kuufunga mlango, kwa kuwa mtumwa wa shambani hakuikataa asili yake, alinyang'anywa.

Watumwa wenyewe hawakungoja methali. Waliokwenda bara katika misafara walilitwaa neno kabla halijaruhusiwa kwao. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, aliwaita watu wake wa Unguja kwa jina walilojiita, Wangwana, na jina hilo limejaa katika kitabu chake cha mwaka wa 1878. Wengi katika wapagazi wa misafara ya siku zile walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilirudi kwa mabwana pwani. Mtu huyohuyo aliyekuwa mtumwa Forodhani alikuwa muungwana Tabora, na muungwana mkubwa zaidi Nyangwe, kwa sababu alijua Kiswahili, alivaa nguo ya pwani na alichukua bunduki. Huko Maniema, nchi ya mamlaka ya Tippu Tip, jina liliota mizizi hata likaipa lugha yao jina. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana, na kitabu cha Whitehead cha kukifundisha, kilichotoka mwaka wa 1928, kina jina hilo. Pwani, umbo lilelile "kiungwana" ni namna ya kutenda: kusema kiungwana, kuachana kiungwana. Kwa hiyo lugha iliyopewa jina la watu huru ilipewa kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakuwa huru. Kamusi haziyaweki matumizi hayo mawili pamoja, na ni hasara, kwa sababu moja laeleza jingine. Uungwana uliposafiri mbali na wenye kujua nasaba, ulibakiwa na mwenendo tu.

Katika mwezi wa Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria. Mtumwa aliyetaka kuachwa ilimpasa aende mwenyewe kuomba, naye bwana akalipwa; masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka wa 1909. Neno lililotumika katika karatasi na midomoni lilikuwa "huru". Neno hilo lilikuwa jepesi, la Kiarabu, na serikali iliweza kuliandika na kulipiga muhuri. "Muungwana" halikuandikika hivyo. Aliyekuwa na karatasi mkononi alikuwa huru tangu asubuhi ile, lakini uungwana ulingoja jirani waseme. Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha mwaka wa 2013 juu ya Pemba, ameonyesha jinsi neno "heshima" lilivyogeuka katika miaka hiyohiyo, kutoka cheo cha mwenye nguvu likawa staha ya yeyote ajichungaye. Hoja yake ni ya thamani, na kwa kadiri kubwa yasadikika. Pungufu lake ni kwamba heshima ilikuwa tangu awali kitu cha kupewa na kupokonywa. Kugeuka kwake kulikuwa rahisi. Uungwana ulikuwa wa kuzaliwa nao, na mtu aliyeulizwa kwa neno hilo alikuwa na zaidi ya kupoteza.

Tena mlango mmoja ulipofunguliwa, mwingine haukufungwa. "Mjinga" zamani alikuwa mtumwa mgeni, aliyefika majuzi kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi. Akishazaa, mwanawe aliitwa mzalia. "Mshenzi" alikuwa mtu wa bara asiye Mwislamu. Leo mjinga ni mpungufu wa akili, na mshenzi ni mkosa adabu. Kama uungwana, maneno hayo nayo yametoka katika daraja yakaingia katika tabia, lakini katika safari hiyo yamebeba dharau yote. Asemaye kwamba lugha imejisafisha na utumwa kwa sababu "muungwana" sasa lafaa kwa watu wote, hana budi kueleza ni kwa nini jina la mtu aliyeshushwa jahazini bado ni tusi. Na "mstaarabu", lililopanda cheo katika karne ya 19 kwa nguvu ya utawala wa Kiomani, lamwambia mtu awe kama Mwarabu ndipo asifiwe. "Muungwana" angalau halikumtaka mtu awe wa taifa jingine. Pengine ndiyo sababu wachezaji mpira na wanasiasa watakapo kusifu mwenendo husema "mchezo wa kiungwana" na "siasa za kiungwana".

Maana ya zamani haikufa. Imehamia neno jingine. Katika fiqhi ya Kishafii, ifuatwayo na wengi pwani, mume apaswa kuwa kufu ya mke, na katika mambo yanayohesabiwa umo uhuru na imo nasaba. Baada ya mwaka wa 1897 walikuwako walioachwa na serikali ambao bado walikwenda kwa mabwana wao wa zamani kuomba idhini ya kuoa na kuolewa, wakiona kwamba karatasi ya serikali haitoshi mbele ya sheria ya dini. Huko ndiko mtafiti wa neno hili apaswako kwenda, kwenye daftari za makadhi wa Pemba na katika mazungumzo ya posa. Mtu aitwaye muungwana sokoni, na wote wakaitikia, huulizwa hapo kwa neno fupi tu, kama ni kufu au si kufu.