Vita Vilivyobisha Hodi Nyumbani: "A Chelsea Concerto" ya Frances Faviell

Vitabu vya Waingereza kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia havihesabiki, na vingi ni vya majenerali na manowari. Hiki cha Frances Faviell, kilichotoka mwaka 1959, mwaka uleule aliofariki mwandishi wake, ni cha mitaa michache tu ya Chelsea, London, na watu waliokuwa wakilala humo huku wakisikilizia king'ora.

Faviell alikuwa mchoraji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyejitolea kuwa muuguzi msaidizi wa Msalaba Mwekundu. Kwa kuwa alijua lugha yao, alikabidhiwa pia wakimbizi waliotoka Ubelgiji baada ya nchi hiyo kuvamiwa mwaka 1940. Hapa sisi wa ughaibuni tutajiona. Wakimbizi wake si malaika. Wanagombana wao kwa wao, wanawachosha wenyeji, na mkalimani amebanwa katikati, anabeba hasira za pande zote mbili. Aliyewahi kumsindikiza shangazi yake ofisi ya uhamiaji anaijua kazi hiyo, nayo haina mshahara wala asante.

Halafu zinakuja kurasa ambazo sikuzisoma kwa mkupuo mmoja. Wauguzi wanatakiwa kuunganisha viungo vya waliosambaratishwa na mabomu, ili jamaa zao wapate kitu cha kuzika. Faviell alijifunza maumbile ya mwili wa binadamu chuoni, kwa ajili ya kuchora. Sasa elimu hiyo inamsaidia kujua mkono huu ni wa nani. Viungo vingine havipati mwenyewe. Kwetu maiti ana haki zake: kuoshwa, kuvishwa sanda, kusitiriwa. Hawa wanawake walikuwa wakiitafuta haki hiyo ndani ya lundo la nyama. Mwandishi anaeleza kwa sentensi fupi, bila kilio. Wapo watakaouita huo ubaridi wa Kizungu. Mimi naona angepandisha sauti kidogo tu, tungefunga kitabu.

Vivyo hivyo pale anapoteremshwa kichwa chini, ameshikwa miguu, kwenye tundu jembamba la kifusi ili ampe klorofomu mtu aliyenaswa humo. Alichaguliwa kwa sababu ya wembamba wake, basi. Hajiiti shujaa, na wala hatuombi tumwite hivyo.

Kasoro zipo. Kitabu kimeandikwa karibu miaka 20 baada ya mambo yenyewe, lakini mazungumzo yanatiririka kana kwamba yalirekodiwa kwenye kanda. Hapo nilishika shaka. Majina nayo ni mengi mno, jirani anaingia na kutoka kabla hujamzoea. (Ingawa mabomu nayo yaliwaondoa majirani namna hiyohiyo.) La zaidi ni kwamba Chelsea ilikuwa na watu wenye nafasi zao. Mashariki ya London, kwenye bandari na nyumba za vibarua, ambako moto ulianza kumiminika tarehe 7 Septemba 1940, tunakuona kwa mbali. Raia zaidi ya 40,000 waliuawa Uingereza katika miezi ile hadi Mei 1941, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwaandikia kumbukumbu.

Usiku wa tarehe 16 Aprili 1941 zamu inamfikia mwandishi mwenyewe. Ni mjamzito. Nyumba yake inabomolewa, na usiku huohuo Kanisa la Kale la Chelsea linaanguka. Muuguzi aliyekuwa akiwatoa wenzake kwenye kifusi sasa anajitafutia njia ya kutoka, akiwa na mumewe. Kurasa hizo ndizo bora kuliko zote, kwa sababu kila anachokitaja, ngazi, ukuta, vumbi, tumeshakiona kwenye nyumba za watu wengine.

Kitabu kilichapishwa upya mwaka 2016, hivyo hakuna haja ya kukisaka kwenye maduka ya vitabu chakavu. Mwenye moyo mwepesi aruke kurasa za maiti, ila asiruke za wakimbizi.